Tupo Dodoma, likizo ya mwezi wa sita tunataka pwani ila sio Unguja tena, twende wapi?

Mgogo wa Ipagala

Wakuu habari za saa hizi. Niende moja kwa moja kwenye mada. Tupo Dodoma mjini huku Ipagala, mimi, mama watoto na watoto wawili wa shule ya msingi, na safari hii mama yangu mzazi anayekaa Mvumi kasema na yeye anataka aione bahari kabla macho hayajamuishia nguvu, kwa hiyo jumla tuko watano. Nina kama wiki moja hivi likizo ya mwezi wa sita.

Unguja tushaenda, Mji Mkongwe tumezunguka, Forodhani tumekula urojo na mishikaki, sio pabaya hata kidogo ila nchi hii ina pwani ndefu kuanzia Tanga huko mpaka Mtwara, na sisi watu wa bara ukitutajia bahari akili inaruka Zanzibar kana kwamba kwingine kote hamna maji. Nimekuwa naangalia picha za Mafia, Kilwa, Pemba, Pangani, kila moja nzuri mpaka nimeshindwa kuchagua.

Gari dogo ninalo, siogopi kuendesha, ila mama magoti yanamsumbua, kukaa kwenye kiti saa nyingi ni shida, kwa hiyo nafikiria treni mpaka Dar halafu ndo tujipange. Bajeti sio ya hoteli za watalii, gesti safi yenye feni na neti inatosha kabisa. Naomba mnishauri mji gani na kisiwa gani, na kwa nini. Wale wa "nenda Dubai" mpite kimya kimya. Natanguliza shukrani.

dogo_janja_255

Mafia mkuu, funga mjadala. Unaogelea na papa potwe laivu, lisamaki refu kama daladala lakini halina neno na mtu, linakula vidudu vidogo vya kwenye maji tu. Watoto hawatakaa wasahau. Unguja na Mafia ni vitu viwili tofauti, Mafia hakuna fujo, hakuna papasi wa kukufuata na bangili barabara nzima. Nenda Mafia.

Nahodha Mstaafu

Huyo kijana hapo juu kasema kweli nusu. Potwe wapo, na hawana neno na mtu kweli, lakini potwe ana msimu wake. Anakuja kwenye kaskazi, msimu wa upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia kama mwezi wa kumi hadi wa pili wa tatu hivi, ndo anasogea karibu na Kilindoni upande wa magharibi wa kisiwa anafuata chakula. Mwezi wa sita ukienda utaogelea na picha yake ukutani.

Bwana Ipagala, mtu wa bara akipanga safari ya pwani anaangalia bei na picha. Sisi tunaangalia upepo kwanza. Mwezi wa sita ni kusi, upepo unapiga kutoka kusini na unazidi nguvu kadiri mnavyoelekea wa saba na wa nane. Uzuri wake ni kwamba masika imeshaisha, mbingu imefunguka, joto sio lile la mwezi wa pili la kukufanya ulale sakafuni. Ubaya wake ni bahari. Boti ya Mafia inatokea Nyamisati kule Kibiti, mwanzo mnapita ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji maji yametulia mnapiga na picha mnacheka, mkishatoka pale mnaingia mlango wa bahari wenyewe na hapo ndo nimeona watu wazima wenye vyeo vyao wanaomba mfuko wa plastiki. Ratiba nayo inafuata maji, yakiwa yamepwa boti haitoki tu kwa sababu wewe una haraka. Na bibi mwenye magoti, boti inapocheza hana pa kujishikilia. Ndege zipo kutoka Dar, ni kama nusu saa hewani, ila watu watano nauli yake piga mwenyewe hesabu.

Hizo maneno sio kwamba naitukana Mafia. Ile hifadhi ya bahari pale ndo ya kwanza nchi hii, tangu 1995, ina kilomita za mraba 822, matumbawe yake ukivaa miwani ukachungulia huchoki. Na kule Chole ng'ambo ya Utende kuna magofu yameliwa na mizizi ya miti, kuna popo wakubwa wananing'inia mchana kweupe na kuna mafundi wa majahazi. Lakini Mafia uiweke mwezi wa kumi na moja au wa kwanza, uende na mkeo tu.

Nikiwa mimi ningetafuta mahali ambapo kisiwa kiko karibu na bara, maji yamekingwa, mnavuka mara moja mmefika. Na hapo majina hayazidi mawili matatu: Kilwa Kisiwani, Mbudya pale Dar na labda Chumbe ya Unguja ila ushasema Unguja hutaki.

Mama Twalib wa Raskazone

Mbona Tanga hamuitaji jamani? Waja leo waondoka leo, na wengine walikuja juzi mpaka leo hawajaondoka 😂

Ndugu yangu wa Dodoma njoo Tanga. Mji umepangika, barabara zetu za kati zina namba hupotei, maisha ya bei nafuu, samaki wabichi, chapati za maji asubuhi. Mapango ya Amboni yako kilomita nane hivi kutoka mjini, watoto watayapenda, ila bibi abaki nje kwa sababu kuna pa kuinama na pa kupenya. Magofu ya Tongoni yako njia ya kwenda Pangani, msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, mnashuka kwenye gari mnatembea kidogo mmefika.

Halafu Pangani yenyewe. Mji mdogo mdomoni mwa mto, majumba ya zamani ya Waarabu na Wajerumani, hapo ndo Abushiri alinyongwa mwezi wa kumi na mbili 1889 baada ya kuwasumbua Wajerumani pwani nzima. Mnavuka kivuko kwenda Bweni mnaenda mpaka Ushongo, ufukwe mrefu hauna kelele. Na kutoka Ushongo ndo kuna kisiwa cha Maziwe. Sasa hiki kisiwa lazima nikieleze vizuri maana watu wanakuja wanalalamika kwamba wamedanganywa. Zamani kilikuwa na miti, mivinje, wazee wetu wanakikumbuka hivyo. Miti ikaisha, mchanga ukabaki peke yake, na sasa hivi maji yakijaa kisiwa chote kinafunikwa, hukioni. Maji yakipwa kinatokea, mchanga mweupe katikati ya bahari, hakuna kivuli hakuna duka hakuna choo. Kasa bado wanapanda kutaga pale, basi mayai inabidi yahamishiwe bara Ushongo yasisombwe na maji. Kwa hiyo safari ya Maziwe unapangiwa na maji, unaenda saa za maji kupwa unaondoka kabla hayajarudi. Ukiambiwa na mtu wa boti muondoke saa kumi na mbili asubuhi usidhani anakuonea.

Ila nahodha kasema kweli kuhusu kusi, Maziwe iko nje nje, siku ya upepo hawavuki. Njoo Tanga bila kuiwekea moyo sana.

Barabara: Dodoma, Morogoro, Chalinze, hapo mnakata kushoto njia ya Segera, kisha Segera mnakata kulia mpaka Tanga. Lami tupu. Ila kwa magoti ya mama ni mwendo wa siku nzima mlale njiani, mkiweza Morogoro.

fundi_bomba

bwawa la mtera nako kuna maji na samaki, mafuta ya lita chache tu 😀

Mgogo wa Ipagala

@fundi_bomba Mtera na mamba wake ubaki nao mwenyewe.

Nahodha, Mama Twalib, ahsanteni sana kwa kweli. Suala la upepo sikuliwaza kabisa. Naona Mafia na Maziwe nizitoe kwa mwezi wa sita. Tanga naipenda ila huo mwendo ndo tatizo. Pemba je? Na Kilwa mama anaweza kuvuka?

Mpemba Halisi

Pemba kuzuri kuliko mote mulomotaja, vilima, mikarafuu, msitu wa Ngezi, popo wetu wa Pemba hawako popote pengine duniani, kisiwa cha Misali na matumbawe yake. Lakini mimi mwenyewe Mpemba nakwambia kwa mwezi wa sita na bibi usiende. Mkondo wa Pemba una kina na mawimbi yake munayajua wenyewe, na itabidi mupitie Unguja kwanza mukamate boti nyingine mpaka Mkoani, au ndege mushuke Chake. Safari mbili za baharini kwa mtu ambaye hajaona bahari maisha yake ni kumtesa. Njooni kaskazi, karafuu zikiwa majamvini kisiwa kizima kinanukia.

Mwl. wa Historia, UDOM njia panda

Mgogo mwenzangu, mimi nakupa jibu la tofauti. Kwa ajili ya mama, mji ni Bagamoyo, na nakupa sababu ambayo hawa ndugu zetu wa pwani hawatakupa.

Ile njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Ujiji ikapita Tabora, ikapita Kilimatinde, ikakatiza Ugogo yote, Mpwapwa, ikaishia Bagamoyo, ile ndo barabara yetu. Pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo vyote vilipita hapa kwetu. Na Ugogo ilikuwa kipande kinachoogopwa na wakuu wa misafara, sio kwa sababu ya vita, ni kwa sababu ya maji. Nchi kavu, visima ni vya watemi, ukitaka wapagazi wako wanywe unalipa hongo, yaani ushuru wa kupita: vitambaa, shanga, waya wa shaba. Wazungu wale wapelelezi, Burton na Speke, walilipa 1857 na 1858, Stanley akalipa 1871, na wote kwenye maandishi yao wanalalamika kweli kweli kuhusu Wagogo. Mimi nikisoma yale malalamiko nacheka peke yangu. Sasa mama wa Mvumi afike upande wa pili ambako ile njia ilifikia baharini, amalizie safari ambayo watu wa kwao waliitoza ushuru.

Pale Bagamoyo kuna Caravanserai, kituo cha misafara, kuna Ngome Kongwe, kuna misheni ya Wakatoliki ya 1868 na mnara wa kanisa ambako maiti ya Livingstone ililazwa Februari 1874 baada ya watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kuibeba kwa miguu kutoka Chitambo huko Zambia ya leo. Wajerumani waliifanya makao yao kabla hawajahamia Dar es Salaam 1891. Kaole iko kilomita kama tano, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Vyote hivi ni vya kushuka kwenye bajaji na kutembea hatua chache kwenye kivuli. Jioni ufukweni wavuvi wanarudi, samaki anakaangwa hapohapo sokoni. Boti haihitajiki kabisa.

Na ukiamua kwenda na gari usipite Kibaha ukakwama kwenye foleni, pale Chalinze shika njia ya Segera mpaka Msata, halafu kulia, kilomita 64 za lami umefika Bagamoyo. Ukienda na treni sawa, ile ya umeme ya SGR inafika Dar mapema tu, nauli iliyotangazwa ilipoanza 2024 ilikuwa 31,000 kwa mtu mzima wa daraja la kawaida na watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Kwa magoti ya mama mimi nisingefikiria mara mbili, kwenye treni anasimama ananyoosha miguu anatembea behewa zima.

Kisiwa? Kilwa. Hapo nakubaliana na nahodha, ila sababu zangu ni nyingine. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika pale 1331 akausifu mji. Wenyewe walikuwa wanapiga sarafu zao, na sarafu ya Kilwa imeokotwa mpaka Great Zimbabwe, na nyingine mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, zilifikaje huko watu wanabishana mpaka leo. Dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilikuwa inapita mikononi mwao. Wareno wakaja, 1505 wakaupora. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, pamoja na Songo Mnara, yaani kabla ya Mji Mkongwe wa Unguja ambao uliingia 2000. Halafu nenda ukahesabu Watanzania wangapi unaokutana nao pale. Inauma.

Mgogo wa Ipagala

Mwalimu hiyo ya hongo nimemsomea mama kwenye simu kacheka mpaka kakohoa, anasema babu zake walikuwa na akili.

Basi Bagamoyo imepita bila kupingwa. Bado Kilwa. Kuna mtu wa kule atuambie ukweli wa kuvuka?

Mtu wa Masoko

Nipo hapa. Nimeusoma uzi wote nilikuwa nasubiri mtu aseme uongo niingie, naona mmejitahidi.

Kuvuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani ni karibu, kisiwa unakiona ukiwa umesimama bandarini. Kwa mashua ya tanga inategemea upepo, kwa boti ya injini ni dakika chache. Maji ya pale ndani yamekingwa, hata kwenye kusi watu wa Kisiwani wanavuka kila siku kuja sokoni, wanafunzi wanavuka, wagonjwa wanavuka. Tatizo la mama sio mawimbi, ni kupanda na kushuka. Maji yakiwa yamejaa boti inasogea vizuri anashuka bila taabu. Yakiwa yamepwa, hasa siku za bamvua, boti inaishia mbali na inabidi mtembee ndani ya maji na tope kidogo, mtu mwenye magoti atapata tabu au abebwe. Kwa hiyo mwambieni mwenye boti kabisa kwamba mna mzee, awapangie saa ya kuvuka maji yakiwa yanajaa na kurudi kabla hayajakimbia. Ukitazama mwezi angani utajua: mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndo bamvua, katikati ya hapo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na hizo ndo siku nzuri kwenu. Halafu kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini hivi, ya jana saa nne, leo saa tano kasoro, usije ukakariri saa.

Kabla hamjavuka mnachukua kibali pale Masoko, Mtanzania analipa bei yake na mgeni bei yake, beba kitambulisho. Chukueni na mtembeza wageni, sio lazima ila bila yeye mtaona mawe tu.

Ukishuka, cha kwanza ni Gereza, ile ngome iliyo karibu na maji, mama anaweza kukaa pale kwenye kivuli akaongea na kina mama wa kijijini. Msikiti Mkuu hauko mbali, huo asiukose, una kuba na nguzo, sehemu ya zamani kabisa ni ya karne ya 11 na umejengwa kwa matumbawe na chokaa. Husuni Kubwa ndo iko mbali kidogo, kwenye ukingo juu ya bahari, jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, vyumba zaidi ya mia na bwawa la kuogea la pembe nane. Wewe na watoto nendeni, mama apumzike. Songo Mnara ni mbali zaidi, boti ya injini na bahari wazi wazi kiasi, kwa mwezi wa sita na bibi msihangaike nayo.

Siku nyingine nendeni Kilwa Kivinje. Hiyo iko bara, hamna boti. Majumba yamechoka, mengine yameanguka kabisa, milango ya kuchonga imebaki michache, lakini ndo mji uliokuwa na kelele pwani yote ya kusini enzi za biashara ya watumwa. Na mikoko.

Mavazi wala sio amri ila mama watoto abebe kanga, kisiwani ni kijiji cha watu wanaishi pale, sio makumbusho.

Nahodha Mstaafu

Huyu wa Masoko namuunga mkono neno kwa neno. Naongeza moja, boti isiyo na laifujaketi za kutosha watu watano usipande hata kama mwenye boti ni rafiki wa shemeji yako. Na bei mkubaliane ya kwenda na kurudi pamoja, umlipe yote mkisharudi bandarini.

dogo_janja_255

Na barabara ya kusini vipi? 2024 si ilikatika pale Somanga watu wakalala njiani

Mtu wa Masoko

@dogo_janja_255 ilikatika kweli, masika ile na kimbunga Hidaya vilikuja pamoja. Ndo maana mwezi wa nne na wa tano siwashauri watu. Wa sita mvua imeshakata, ila piga simu kwanza, haikugharimu kitu.

Mgogo wa Ipagala

Nimeelewa sasa. Mpango wetu: treni mpaka Dar, tunaenda Bagamoyo tunakaa siku chache mama ashibe bahari, tunarudi Dar kwa dada yangu tunapumzika usiku, halafu Kilwa. Ikiwa mama kachoka atabaki kwa dada na watoto watampeleka Kigamboni kwa kivuko, bahari ni ileile. Mbudya tukipata nafasi mwishoni, nasikia boti zinatokea Kunduchi. Mafia na Pemba nimeandika za kaskazi, mimi na mama watoto peke yetu, ila huyo mama watoto asiuone huu uzi kwanza.

Swali la mwisho, mabasi ya Kilwa yanaanzia wapi?

Mtu wa Masoko

Pande za Mbagala, panda ya asubuhi. Na uliza kabisa kabla hujakata tiketi kama basi linaingia Masoko. Yale ya Lindi na Mtwara yanakushusha Nangurukuru njia panda, hapo na mabegi na bibi na watoto mtaanza kugombaniwa na bodaboda, na mpaka Masoko bado kuna kipande kirefu.